Ng'ombe wa mahari na vitabu vya ubatizo: shajara ya mradi wa kumbukumbu za koo, Chamwino

Mei, juma la pili

Chumba kimepatikana: kile cha nyuma ya ghala la zamani la ushirika, bati juu, saruji chini, dirisha moja. Kwa karatasi, Dodoma ni mahali pazuri kuliko watu wanavyodhani. Mvua yetu ya mwaka huwa karibu milimita 600 tu, na kiangazi hewa hukauka kiasi kwamba ukungu unaotafuna majalada ya Tanga na Bukoba huku haupati nafasi. Balaa letu ni vumbi na mchwa. Ndiyo maana rafu tumezisimamisha kwa miguu ya chuma na kuziachanisha na ukuta, ili vijia vya udongo vikianza kupanda vionekane mapema. Karatasi nyingi zitakazoletwa zimekaa miaka mingi kwenye masanduku ya bati ndani ya tembe, na paa la udongo likivuja usiku mmoja tu, barua za ukoo mzima huganda zikawa tofali.

Kikao cha wazee kimeandika lengo kwa ufupi: kukusanya nakala za karatasi, picha na masimulizi ya koo za vijiji vilivyo kati ya Mvumi na Handali, na kuziweka pamoja na kumbukumbu za eneo zima zinazosaidia kuzielewa. Hilo la nakala nililipigania mimi. Mwenye karatasi abaki na karatasi yake. Mradi unaoanza kwa kuwanyang'anya watu vyeti vya babu zao hauna maisha marefu, na wala haustahili.

Vilivyofika mpaka sasa: stakabadhi za kodi ya kichwa, vipande vya kazi vya enzi ya mkoloni, kadi za TANU, vyeti vya ubatizo, picha za studio za mjini zenye mapazia ya kuchora, barua za vijana waliokwenda kukata mkonge, na daftari moja la shule lenye orodha ya ng'ombe. Hilo la mwisho nimeliweka peke yake. Nitalirudia.

Mei, juma la mwisho

Vijana wanne wa kidato cha sita wamejitolea. Nimewapa kanuni za mezani, wazibandike ukutani: mikono mikavu, kalamu ya risasi tu, hakuna gundi, hakuna selotepu, na hakuna kupeleka kitu chochote steshenari kikalaminetiwe. Hili la mwisho limezua ubishi, kwa sababu watu wengi wanaamini karatasi iliyolaminetiwa imeokoka. Ukweli ni kwamba joto la mashine linaivuruga wino, plastiki inaibana karatasi pamoja na uchafu wake wote, na hakuna namna ya kuitoa tena bila kuiharibu. Pini na klipu zenye kutu tunazitoa taratibu, tunafunga kwa utepe wa pamba.

Kanuni nyingine ni ile ya masijala, ambayo nimeifanyia kazi tangu ujana: vitu vilivyokuja pamoja vibaki pamoja. Sanduku la mzee mmoja likiwa na risiti ya kodi, tiketi ya treni na picha ya mwanamke asiyetajwa, hatuzitawanyi kwenye mafungu ya risiti, tiketi na picha. Kukaa kwao pamoja ni ushahidi. Picha ya yule mwanamke ikitenganishwa na tiketi ya treni, hatutajua kamwe kwamba picha hiyo alipigwa alipokwenda kumtembelea mumewe mjini.

Uskani: nukta 300 kwa inchi kwa maandishi, 600 kwa picha. Nakala kuu ni TIFF, faili kubwa lisilopunguzwa ubora; ya kutazama ni JPEG, faili dogo. Umeme ukikatika tunapiga kwa simu karibu na dirisha, kivulini, na kuandika hivyo kwenye maelezo.

Juni, juma la kwanza

Masimulizi yameanza, na hapa ndipo kazi ilipo.

Kila tunayemhoji anazo tarehe, ila si za kalenda ya ukutani. Kwa hiyo kabla ya kuuliza miaka tumetengeneza kalenda ya matukio, kama makarani wa sensa wanavyofanya. Reli ya kati, ambayo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Mtunya, njaa kuu ya Ugogo ya 1917 hadi 1920. Mpango wa karanga wa Kongwa, 1947 hadi 1951, ambao serikali ya Uingereza iliuzika baada ya kufuta hasara ya pauni milioni 36. Uhuru. Operesheni ya mwaka 1971 ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa. Tamko la kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, 1973. Bibi akisema alivunja ungo wakati wa karanga, tunaandika kuzaliwa kwake "kati ya 1932 na 1938, kwa hesabu ya tukio", na sauti yenyewe tunaitaja kuwa ndiyo chanzo. Hatuandiki 1935 ili ukurasa upendeze. Mwaka wa kubuni ukishaingia kwenye kompyuta unapata heshima usiyostahili, na mwenye kuusoma baada ya miaka ishirini hatajua kuwa ulitoka kichwani mwa karani.

Mahojiano ni kwa Chigogo pale mzee anapotaka, na karibu wote wanataka. Tunasalimia "Mbukwenyi", tunakaa, tunakula kilichopo (mlenda umekuwepo kila mahali, sina malalamiko), ndipo tunaomba ruhusa ya kurekodi. Unukuzi unafanyika kwanza kwa Chigogo kama kilivyosemwa, tafsiri ya Kiswahili inakuja chini yake. Kijana mmoja alipendekeza tuandike Kiswahili moja kwa moja ili kuokoa muda. Muda huo hatuuhitaji.

Juni, juma la tatu

Mtunya umejitokeza katika karibu kila familia, na umetuletea swali lililotusimamisha.

Asili yake inajulikana. Vita Kuu ya Kwanza ilipita hapa kwa miguu: majeshi ya Waingereza yaliingia Kondoa Aprili 1916 na Dodoma mwishoni mwa Julai mwaka huohuo, Wajerumani wakirudi kusini. Pande zote mbili zilikula nafaka na ng'ombe za wenyeji, na zote zilichukua wanaume kuwa wapagazi. Mashamba yalikosa mikono, mifugo ikapungua, kisha mvua ikagoma, na homa ya dunia ya mwaka 1918 ikawakuta watu wameshachoka. Walioweza kutembea walihamia kwa majirani wenye chakula. Baadhi ya familia ziliwakabidhi watoto kwa waliokuwa na mtama, ili mtoto aishi na wazazi wapate cha kula.

Sasa tazama inavyoonekana kwenye nasaba. Ukoo mmoja unamtaja mtoto wa kiume aliyekwenda na Mtunya, hakurudi. Ukoo mwingine, vijiji vitatu mbele, unamtaja babu aliyezaa wanaume watano, na kwa jina na kwa kovu la mkononi ni mtu yuleyule. Kwa wa kwanza ni marehemu, kwa wa pili ni shina. Shangazi aliyetueleza uhusiano huo alisubiri wanaume watoke nje kwenda kutazama ng'ombe ndipo akasema, na akaongeza, "Hili usiliandike wanapoliona, mwanangu."

Tumelijadili usiku kucha. Uamuzi: programu ya kompyuta tunayoandikia nasaba inaruhusu mtu mmoja kuwa na wazazi wa kuzaa na wazazi wa kulea, kwa hiyo kiufundi hakuna tatizo. Tatizo ni la watu. Mzee yule alitahiriwa, akaozwa mke na kuzikwa kama mtu wa ukoo uliomlea, na kuwakumbusha wajukuu wake kwamba alibadilishwa na mtama ni kuwatukana. Sauti ya shangazi imehifadhiwa kwenye fungu lililofungwa, na halitafunguliwa mpaka wazee wa koo zote mbili wakae na kukubaliana. Wajukuu hao wakitaka kuoana na ukoo wa kuzaliwa, hapo ndipo wazee watalazimika kukaa, na ninashuku kuna wanaojua zaidi ya wanavyosema.

Julai, juma la kwanza

Tumepata ruhusa ya parokia kusoma vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Tunasoma palepale ofisini, hakuna kutoa kitabu nje, na mchungaji amekaa nasi muda mwingi kuliko tulivyotarajia kwa sababu ametafuta jina la bibi yake na kulipata.

Waanglikana walifika mapema katika nchi hii. Wamisionari wa CMS, chama cha kimisionari cha Kanisa la Uingereza, walikuwa Mpwapwa tangu miaka ya 1870, Mvumi ikafuata baadaye, na dayosisi ya Central Tanganyika iliundwa mwaka 1927. Ripoti na barua ambazo wamisionari walizituma kwao zipo Uingereza, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Birmingham. Vitabu vya ubatizo vilibaki huku. Kwa kuwa uandikishaji wa vizazi wa serikali ya kikoloni haukuwalazimu Waafrika, kitabu cha kanisa ndicho karatasi ya kwanza yenye jina la mtu wa kawaida kijijini. Kina tarehe, jina la ubatizo, wazazi, mahali na wadhamini.

Uzuri wake unaishia kwa wanaume. Mwanamke huingia kama binti wa fulani, kisha kwenye kitabu cha ndoa ni Damari au Perisi tu, kisha kwenye ubatizo wa watoto ni "mke wa". Jina lake la nyumbani, ambalo ndilo wajukuu wanalijua, halipo popote. Ukifuata karatasi pekee utapata miti ya familia yenye matawi ya wanaume watupu, na wanawake wakiwa viunganishi.

Julai, juma la tatu

Sasa lile daftari la ng'ombe.

Ni la mahari, linaanzia miaka ya 1950, mwandiko wa mtu aliyesoma kidogo na mwenye makini sana. Kila mstari una mnyama: mtamba mwekundu, dume lenye baka usoni, ng'ombe wa maziwa aliyevunjika pembe. Kisha ametoka kwa nani, ameenda kwa nani, kwa ndoa ya nani. Baba anachanga, baba wadogo wanachanga, na mjomba wa kijana naye anachanga. Upande wa binti, mifugo inagawanywa vivyo hivyo, na mjomba wa binti ana fungu lake. Kwa hiyo ndoa moja inataja watu wa koo nne, na inawataja kwa uhusiano wao halisi, kwa sababu mtu aliyekosewa fungu lake angefika kesho yake kudai.

Wanawake wote wamo. Wamo kwa majina ya nyumbani, na kila mmoja ameandikwa chini ya nyumba ya mama yake. Katika kaya ya Mgogo mwenye wake kadhaa kila mke ana nyumba yake, ghala lake na ng'ombe waliotengwa kwa nyumba hiyo, na watoto wanarithi kupitia nyumba hiyo. Kaka wa baba mmoja na mama tofauti ni ndugu, ndiyo, lakini zizini hawajachanganyika.

Tangu nilisome nimekuwa na msimamo mmoja, na jana kikao kimeukubali: mpangilio wa mkusanyo wetu ufuate nyumba za mama. Ukoo ni fungu kubwa, kaya ni fungu la kati, na jalada ni nyumba. Wapo waliotaka tufuate jina la mwisho, kwa kuwa ndivyo programu zinavyotaka. Tunatumia Gramps, ambayo ni ya bure na haihitaji intaneti, na ni kweli inaanza kwa kuuliza jina la familia. Lakini jina la mwisho la Mtanzania ni kitu cha kuhama. Kijana anatumia la babu yake, mwanawe atatumia la kwake. Katika kaya moja tumekuta ndugu watatu wa tumbo moja: mmoja kitambulisho chake kina jina la babu, wa pili jina la ukoo, wa tatu jina la ubatizo la baba. Orodha ya alfabeti ingewapeleka pande tatu za kabati.

Tumeongeza pia nafasi ya muzilo, mwiko wa ukoo. Watu wawili wenye jina moja la ukoo na miiko tofauti hatuwaunganishi mpaka wazee waseme.

Kuhusu kumbukumbu za ng'ombe kwa mdomo: tulijaribu kumuuliza mzee mmoja watoto wa dada zake, akasita. Tulipomuuliza mahari ya dada zake ilikwenda wapi, alitaja ng'ombe mmoja mmoja, na watoto wakafuata nyuma ya ng'ombe. Swali la mahari sasa ndilo la kwanza kwenye karatasi yetu ya mahojiano.

Agosti, juma la kwanza

Safari ya Dar es Salaam, Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga. Kwa sheria ya mwaka 2002 nyaraka za serikali hufunguliwa kwa wasomaji zikishatimiza miaka 30, kwa hiyo zile za mkoloni ziko wazi zote zilizosalimika. Nilichokifuata ni vile vitabu vya wilaya, ambavyo maafisa wa Kiingereza waliandika kila wilaya: mipaka, mila, orodha za watemi na nasaba zao.

Zisomwe kwa jicho kali. Baada ya sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926, utawala wa Gavana Cameron ulikuwa unatafuta watemi "halali" wa kuwapa madaraka na mshahara, baada ya Wajerumani kutawala kwa maakida na majumbe. Mzee aliyeitwa mbele ya afisa kueleza nasaba ya utemi alikuwa anajua nini kinatafutwa. Nasaba aliyoitoa ilikuwa hoja ya kesi. Aliyeshinda kesi ndiye aliyeingia kitabuni, na mpinzani wake akawa "ndugu mdogo" au hakutajwa.

Mathias Mnyampala, Mgogo wa hapahapa Dodoma, mwaka 1954 alitoa kitabu kwa Kiswahili kuhusu historia na mila za Wagogo, na kukilinganisha na vitabu vya wilaya kunasaidia sana. Kwa utemi mmoja wa upande wetu tuna sasa orodha tatu: ya afisa, ya kitabu, na ya wazee. Hazilingani katika kizazi cha tatu. Tumeziweka zote tatu, kila moja na chanzo chake, aliyesimulia, mwaka, na kwa nini aliulizwa. Mwalimu mmoja kwenye kikao alitaka tuamue iliyo sahihi. Sioni kwa nini sisi, wenye skana moja na meza mbili, tumalize ugomvi ambao watemi wenyewe hawakuumaliza.

Agosti, juma la tatu

Ramani ya mahame. Operesheni ya mwaka 1971 iliwahamisha watu kutoka kaya zilizotawanyika na kuwaweka kwenye vijiji vya ujamaa, na makaburi yalibaki kwenye mahame. Vijana wametembea na wazee kupima maeneo kwa GPS ya simu: mbuyu, kisima, mawe ya kusagia, kaburi. Picha zimewekwa kwenye jalada la nyumba husika. Imekwenda vizuri, sina la kuongeza.

Agosti, juma la mwisho

Nilijua litakuja. Mtu mmoja wa ukoo mkubwa ameomba nakala ya nasaba yenye mhuri, apeleke kwenye mgogoro wa shamba. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, bei za viwanja zimepanda mpaka vijiji vya mbali na mji, na shamba ambalo zamani lilikuwa la mtama tu sasa lina warithi wasioonekana tangu karanga za Kongwa.

Tumekataa, kwa barua, kwa maneno ya heshima. Mkusanyo hauthibitishi mrithi. Unasema nani alisema nini, lini. Mhuri tuliokuwa nao, uliotengenezwa kwa shauku mwezi Mei, tumeufungia kabatini. Mjomba wa huyo bwana amekuja kutulaumu, akanywa chai, akaondoka akiwa bado anatulaumu.

Jambo hilohilo limetufanya tuisome tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Utaratibu wetu sasa: walio hai wanaonekana kwa uhusiano tu, majina yao yamefichwa kwenye nakala ya kusomwa; fomu ya ridhaa inasomwa kwa sauti na jibu linarekodiwa, si sahihi peke yake; anayetaka kujiondoa anaondolewa, ila kauli ya mzazi wake marehemu inabaki. Magonjwa hatuandiki kabisa, hata yakitajwa.

Septemba, juma la pili

Nakala tatu: kompyuta ya chumbani, diski ya nje kwa katibu wa kikao, na diski nyingine mjini kwa shemeji yangu ambaye nyumba yake haina mchwa wala watoto wadogo. Zinalinganishwa kila robo mwaka. Nasaba zimetolewa pia kwa muundo wa GEDCOM ili programu nyingine zizisome, lakini tumegundua muundo huo unaangusha sehemu ya muzilo na baadhi ya maelezo ya nyumba, kwa hiyo kila jalada lina pia ukurasa wa kawaida wa maandishi, uliochapwa kwenye karatasi. Karatasi ikae rafuni, ndiyo itakayosomeka siku kompyuta itakapokufa.

Kilichobaki kabla ya mvua: kumaliza unukuzi wa sauti za Juni, kumtafuta mwenye mwandiko wa daftari la ng'ombe (wajukuu wake wanasemekana wako Kibaigwa), na kupokea sanduku la Handali ambalo familia imesema litakuja, mradi mwakilishi wao awepo wakati wa kulifungua. Nimewajibu aje hata na wawili.